Sheria ya Usingizi wa Mchana

Hakuna mtoto aliyewahi kusimama darasani akasema, "Mwalimu, nikikua nataka kuwa mtunza masjala." Wote wanataka urubani. Shangazi Faili naye hakusema, lakini ndiyo kazi iliyompata, akaifanya kwa miaka thelathini na moja katika chumba cha chini cha halmashauri, chumba chenye dirisha moja lililoangalia magurudumu ya magari ya wakubwa. Kila mkurugenzi, Shangazi alimjua kwa tairi kabla ya kumjua kwa sura, na mara nyingi tairi ndizo zilizokuwa na adabu zaidi.

Kazi yenyewe ukiieleza haimalizi dakika. Faili likitoka, unaandika kwenye kadi nani kalichukua na siku gani. Likirudi, unaandika limerudi. Tatizo ni kwamba wanaochukua mafaili ni wakubwa, na mkubwa akishachukua kitu, amekichukua. Shangazi alikuwa akipanda ngazi na kadi yake mkononi, anabisha hodi, anasema, "Samahani bosi, lile faili la viwanja," na bosi anamtazama kama mtu aliyekuja kumdai figo. Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi, ofisini wakaongeza Faili, na jina likamganda kama gundi ya bahasha.

Katikati ya kupanda na kushuka, alisoma. Mtu anayekaa na karatasi saa nane kwa siku bila kuzisoma, alisema, huyo si mtunza masjala, huyo ni mlinzi. Alisoma mihtasari ya vikao ambavyo madiwani waligombana wiki mbili juu ya rangi ya geti. Alisoma kesi za ukuta, kesi za kisima, barua za watu walioomba kitu kimoja kwa miaka tisa kwa heshima ileile, mpaka barua ya kumi ikaja kwa mwandiko wa mtoto wao. Kilichomgusa alikinakili kwa mkono kwenye daftari la kaunta, akiandika chini namba ya faili, ukurasa na tarehe. Siku anastaafu alikuwa na madaftari kumi na moja. Halmashauri ikamuaga kwa saa ya ukutani na hotuba, na kwenye hotuba wakakosea mwaka alioanza kazi, mbele ya mtu pekee aliyejua faili la kuhakikisha liko rafu gani.

Akakaa nyumbani mwezi mmoja. Mwezi wa pili akaanza kuandika.

Mbele ya geti la halmashauri kuna duka la fotokopi la bwana mmoja ambaye mji mzima unamwita Kopi. Hakuna mtu anayeingia halmashauri bila kupitia kwake, maana ukienda na karatasi moja utaambiwa ulete mbili, na ukienda na mbili utaambiwa moja haionekani vizuri. Kwa hiyo foleni ya Kopi haikatiki. Shangazi akaona ule ni umati wa wasomaji ambao hauna pa kukimbilia. Kila Ijumaa asubuhi akawa anabandika kwenye kioo cha duka makala moja, ukurasa mmoja, kwa selotepu nne. Aliandika kwa nini kituo cha polisi kinaitwa Kipya na kina miaka sitini. Aliandika habari za diwani aliyechaguliwa akiwa safarini, akarudi akakataa, na bado akahesabiwa kuwa amehudhuria vikao kumi na vinne.

Masharti yake yalikuwa mawili. Kwanza, kila neno liwe na karatasi nyuma yake. Pili, mwishoni pasiwe na mawaidha. "Wakitaka funzo warudi shule," alimwambia Kopi. "Mimi nawapa kilichotokea."

Watu walipenda. Walifika mapema ili wasome kabla foleni haijasogea, na mwingine akifika zamu yake anasema, "Mhudumie mwenzangu kwanza, mimi bado aya moja." Shangazi alikuwa akipita ng'ambo ya barabara na kikapu chake, anajifanya anatafuta kitu, kumbe anasikiliza kicheko. Kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyewahi kucheka kwa sababu yake makusudi.

Makala ya arobaini ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa habari ya bwana mkubwa mmoja wa zamani, enzi ambazo mtu mmoja alikuwa wilaya nzima. Bwana huyo alilala mchana, saa nane mpaka saa kumi, na usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa mama mwenye kichanga. Ng'ambo ya dirisha lake palikuwa na fundi viatu mwenye nyundo. Bwana mkubwa akaandika barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa baraza. Mwenyekiti wa baraza alikuwa yeye mwenyewe. Akajijibu kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Wiki iliyofuata akajiandikia kukumbushia. Hatimaye baraza, yaani yeye na makarani wawili waliotaka kubaki makarani, likapitisha sheria ndogo: ni marufuku kwa mtu yeyote kufanya kazi kwa chombo cha kugonga, kukata au kuzungusha kwenye kibaraza chochote kinachotazamana na barabara ya serikali.

Barua zote tatu Shangazi alizinakili neno kwa neno. Foleni ya Ijumaa hiyo ilicheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuangalia kuna nini, akasoma, akacheka, akachelewa kumfungulia mkurugenzi.

Lakini Shangazi alikuwa na ugonjwa wa usahihi. Makala ilikuwa imeisha, imekaa vizuri, haikuhitaji kitu. Yeye akaona pamebaki nafasi ya mstari mmoja, akaongeza: *Mpaka leo, kwa ninavyojua, sheria hii haijafutwa.* Hakuna aliyemuuliza. Ni kama mtu anayemaliza kusimulia alivyokimbizwa na mbwa, halafu anaongeza kwamba mbwa mwenyewe bado yuko pale, hajafungwa.

Kwenye foleni siku hiyo alikuwepo mkaguzi wa halmashauri anayeitwa Bwana Siku Saba, kwa sababu hajawahi kumpa mtu ilani ya siku nane. Kopi alisimulia baadaye kwamba Bwana Siku Saba naye alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Kisha akairudisha miwani usoni, akasoma tena ule mstari wa mwisho, akaacha kucheka, akasema, "Hebu ibandue hii, unipigie kopi moja."

Siku kumi baadaye, Jumatatu, simu ya Shangazi ililia akiwa hata hajanywa chai. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, njoo usome karatasi yako huku."

"Karatasi yangu ipi?"

"Njoo tu. Imebandikwa kwenye nguzo yangu na haichekeshi."

Mdogo wake ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa ameshona kwenye kibaraza kimoja, mgongo ukutani, cherehani mbele, uso barabarani. Barabara yenyewe ni ile inayopita ubavuni mwa halmashauri. Nyuma ya kibaraza ana chumba, lakini chumba hakina dirisha, na macho ya Fundi si yale ya zamani. Chini ya taa anashona kwa kupapasa. Kwenye mwanga wa jua anatunga uzi sindanoni mara moja na bado anakutania. Kibaraza kile kwake ndiyo macho. Pembeni yake wanakaa fundi viatu na fundi saa, nao nguzo zao zilikuwa na karatasi zilezile.

Shangazi akasoma. *Kwa mujibu wa Sheria Ndogo ya Vibaraza, unatakiwa kuondoa chombo cha kugonga, kukata au kuzungusha ndani ya siku saba.* Namba ya sheria ilikuwa ileile aliyoiandika yeye, na tarehe ilikuwa ileile. Hata mkato ulikuwa pale alipouweka yeye.

"Hivi Dada," Fundi alisema, mikono kiunoni, "kwenye mafaili yote uliyosoma miaka yote ile, hukuona hata moja la kuninufaisha? Ni lazima uchague hilo?"

"Nilikuwa nachekesha watu."

"Wamecheka. Sasa wanishonee wao sare za shule. Nina sare arobaini hapa, na shule zinafunguliwa wiki ijayo."

Fundi viatu akainua nyundo yake akaitazama kama mtuhumiwa. "Mimi ndiye wa kugonga," alisema. "Fundi ni wa kuzungusha. Huyu wa saa simuelewi, saa haigongi wala haikati."

"Inazunguka," fundi saa alisema kwa huzuni.

Shangazi hakungoja kuongezewa. Alivuka barabara, akaingia halmashauri kwa mlango wa mbele, mlango ambao katika miaka yake yote ya kazi hakuutumia zaidi ya mara kumi, akapanda mpaka kwa Bwana Siku Saba.

Bwana Siku Saba alisimama kumpokea. Alimvutia kiti. "Shangazi! Ofisi nzima inakushukuru. Umetuamsha. Sheria ilikuwepo na sisi tumelala!"

"Aliyelala ni yule bwana mkubwa, mwanangu. Ameshalala moja kwa moja. Sheria ilikuwa ya usingizi wake."

"Lakini haijafutwa. Umeandika mwenyewe."

"Nimeandika ili watu waone maajabu!"

"Na mimi nimeyaona. Nimeyachukulia hatua."

Shangazi akavuta pumzi. "Sawa. Hiyo sheria unayo? Nionyeshe."

Bwana Siku Saba akafungua droo kwa ushindi, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa fotokopi ya makala. Kwenye pembe nne zilionekana alama za selotepu.

Hapo Shangazi akapata nguvu kidogo. Akashuka kule chini, kwenye chumba chake cha zamani. Aliyemrithi ni mama mmoja anayevaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, kisha Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, ambapo kitabu kikubwa cha sheria ndogo za wilaya kinapaswa kukaa. Palikuwa na pengo la upana wa viganja viwili. Kadi ilikuwepo, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka kumi na minane iliyopita: kimechukuliwa na mkurugenzi fulani, tarehe fulani. Chini yake: amekumbushwa. Amekumbushwa. Amekumbushwa. Halafu: amehamishwa kituo.

Mkurugenzi yule alihama na masanduku tisa. Shangazi aliyaona kwa dirisha lake yakipakiwa, na alisema wakati ule kwamba moja limekaa kama kitabu. Hakuna aliyemsikiliza.

Kwa hiyo kitabu hakipo. Na kama kitabu hakipo, halmashauri nzima haina sheria, ina karatasi ya dukani. Alipanda ngazi safari hii akiwa karibu anaimba, mpaka kwa mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole, suti nyembamba, mezani ana mafaili marefu kiasi kwamba ukikaa unamwona kuanzia paji la uso. Akamweleza yote kwa mpangilio, kama kadi.

Mwanasheria alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua, mama."

"Unajua?"

"Nilituma watu wakitafute kitabu siku iliposainiwa ilani. Hakuna. Mafundi wakienda mahakamani, hakimu akiniambia nilete sheria, nitaleta nini? Selotepu?"

"Basi futa ilani."

"Imesainiwa na mkurugenzi."

"Basi na mkurugenzi aifute."

"Ataifuta kwa sababu gani? Tuandike kwamba halmashauri imetoa amri kwa sheria ambayo haina? Tuandike kitabu cha sheria kimepotea miaka kumi na minane na hatukujua? Wataunda tume, mama. Na wa kwanza kuitwa kwenye tume ni nani? Aliyekuwa anatunza rafu."

"Mimi nina kadi! Nilimkumbusha mara tatu!"

"Unayo. Utaileta kwenye tume. Tume itakaa mwaka mmoja na nusu. Kibaraza kina siku saba, na leo ni ya kwanza." Akasogeza faili moja pembeni ili aonekane mpaka mdomo. "Ofisi haikosei, mama. Ofisi hupotoshwa. Nikipata karatasi inayosema tulipotoshwa, kesho ilani inafutwa."

Shangazi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, masikio yalimwaka moto.

"Unataka niseme nilitunga."

"Nataka sahihi tu. Kwamba makala ile ni burudani. Kwamba sheria hiyo haijapata kuwepo."

"Ilikuwepo. Nimeinakili kwa mkono wangu. Ukurasa, tarehe, kila kitu."

"Nakuamini. Mwandiko wako si sheria, lakini nakuamini." Na ubaya wa kijana yule ni kwamba alikuwa anasema kweli, alimwamini kabisa, na haikumzuia chochote. "Na mama, ukishasaini, usije ukaandika tena Ijumaa ijayo kwamba ilikuwepo. Wala usimnong'oneze mtu. Bwana Siku Saba anasoma. Yeye ndiye msomaji wako mzuri kuliko wote."

Akatoka bila kusaini.

Siku ya pili alimwendea diwani. Diwani alimpongeza kwa kazi nzuri ya kuhifadhi historia na akamwomba amwandikie yeye wasifu wake, wenye picha. Siku ya tatu alipiga simu kituo alikohamia yule mkurugenzi wa masanduku tisa, akaambiwa alishastaafu. Akapiga nyumbani kwake. Mtoto wake akasema baba hakumbuki vitu vizuri siku hizi, lakini kuna vitabu vikubwa stoo, vilishikwa na mchwa, walivichoma. Walivichoma lini? "Mwaka juzi, shangazi. Kwani kuna tatizo?"

Siku ya nne alimwambia mdogo wake waende mahakamani mafundi wote watatu, wadai sheria ionyeshwe. Fundi alikuwa amehamishia cherehani chumbani kujaribu. Alikuwa ameinamia kola ya sare, taa imening'inizwa karibu na sikio lake, na alikuwa ameshona mfuko juu chini. Alikuwa hajui. Shangazi aliuona kabla yake, akanyamaza, akamwangalia anavyoupapasa kwa kidole, anahisi kuna kitu si sawa, anatafuta kimekosekana nini.

"Mahakamani ni miezi mingapi?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Sita. Kumi."

"Sare ni Jumatatu." Akakata uzi kwa meno. "Dada, mimi sikulaumu tena. Naona umezunguka mpaka viatu vimeisha. Niambie tu kama haiwezekani, niwarudishie watu vitambaa vyao mapema."

Angelaumiwa ingekuwa rahisi zaidi.

Usiku huo hakufungua daftari. Asubuhi ya siku ya tano alivaa gauni alilostaafia, akaenda. Mwanasheria alikuwa tayari ameichapa karatasi. Alikuwa ameichapa tangu Jumatatu. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba makala ihusuyo sheria ya vibaraza niliitunga kwa mawazo yangu kwa lengo la kuburudisha, na kwamba sheria hiyo haikupata kuwepo.*

Alisoma mara mbili. Akachukua kalamu.

"Tarehe ya makala mmekosea," alisema. "Mmeandika ya kumi na mbili. Ilikuwa ya kumi na tisa. Ya kumi na mbili ilikuwa ya diwani."

Mwanasheria akarekebisha, akachapa upya. Hata uongo, Shangazi alitaka uwe na tarehe yake. Kisha akasaini, kwa sahihi ileile aliyotia kwenye kadi elfu kadhaa.

Halmashauri ambayo ilishindwa kujibu barua moja kwa miaka tisa, safari hii ilifanya kazi kwa saa mbili. Ilani zikabanduliwa. Badala yake, kwenye nguzo zote tatu na kwenye kioo cha Kopi, ikabandikwa kopi ya ungamo lake, mhuri juu ya mhuri, na chini maelezo ya ofisi kwamba umma upuuze taarifa zisizo rasmi.

Alipofika kibarazani, cherehani ilikuwa imesharudi mahali pake na watu wamejaa. Mdogo wake alikuwa anashona kwa kasi ya mtu aliyeachiwa kutoka gerezani. Alimwona Shangazi kwa mbali, akasimamisha mguu.

"Dada! Kumbe ulitunga?"

Shangazi akafungua mdomo. Pembeni ya kundi, akinunua kamba za viatu asizozihitaji, alikuwa amesimama Bwana Siku Saba.

"Ndiyo," alisema.

"Kwa nini sasa? Nimekonda wiki nzima! Nimeshona mfuko kichwa chini, wewe unaniona, unajua ulitunga, unaninyamazia? Unanipeleka mahakamani nikadai sheria uliyoitunga mwenyewe?" Alikuwa anacheka nusu, na nusu nyingine haikuwa kicheko. "Mimi nilikuwa nawaambia wateja, dada yangu hasemi kitu bila ushahidi. Miaka yote nasema hivyo!"

"Mimi niliagana na mke wangu," fundi viatu alisema. "Nilimwambia narudi kijijini. Alifurahi sana, sasa nimwambie nini?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko cha ile Ijumaa. Shangazi alikaa kwenye benchi la wateja, akaokota sare moja, akaanza kukata nyuzi zilizobaki ili mikono iwe na kazi. Fundi alimaliza hasira yake hadharani, akampa mkasi mzuri, akaendelea kushona. Kwake yeye yaliisha hapo. Ndugu ni ndugu. Mwenye dada mwongo ana dada bado.

Bwana Siku Saba alilipia kamba zake akaondoka, akimpungia Shangazi mkono kwa heshima zote.

Kundi lilipopungua, alibaki mzee mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa. Shangazi alimfahamu: msomaji wa Ijumaa, asiyekosa. Alisogea akakaa karibu naye, akashusha sauti.

"Samahani, dada. Nina swali. Ile uliyoandika mwanzoni mwa mwaka. Ya wasukuma mikokoteni waliokamatwa, wakashinda kesi. Marehemu baba alikuwa mmoja wao."

"Nakumbuka. Alikuwa wa saba kwenye orodha ya washtakiwa."

"Nyumbani hakuwahi kutusimulia. Tulijua tu alifungwa. Tulikuwa tunaona aibu. Nilipoisoma pale kwa Kopi nilipiga picha kwa simu, nikawatumia wanangu wote. Nikawaambia, someni, babu yenu hakuwa mhalifu, babu yenu alishinda." Alikunjua mguu wa suruali, akaukunja tena. "Sasa, ile nayo..."

"Ile ni kweli."

"Ni kweli?"

"Kweli kabisa. Kila neno."

Mzee alimtazama. Hakuwa na ubaya usoni. Alimtazama kama unavyomtazama mtu mwema aliyekudanganya mara moja kwa nia njema na anaweza kufanya hivyo tena kwa nia njema zaidi. Akatikisa kichwa polepole kukubali. "Sawa, dada. Ahsante."

"Ngoja," Shangazi alisema. "Ngoja hapohapo, usiondoke."

Aliondoka karibu anakimbia. Nyumbani si mbali, mitaa miwili. Alirudi anahema, daftari la nne kifuani, kidole tayari kati ya kurasa. Akalifungua kwenye mapaja ya mzee na kumwonyesha: namba ya faili, ukurasa, tarehe, orodha ya washtakiwa kumi na mmoja, wa saba baba yake, jina la baba na la babu, hukumu, neno *wameachiwa* lililopigiwa mstari mara mbili. Fundi alisimamisha cherehani kuangalia.

Mzee alisoma yote, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alipitisha kidole juu ya jina la baba yake, wino wa bluu uliofifia kidogo. Kisha akaugeuza ukurasa kuona nyuma, akaurudisha.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Ni wako?"

"Ni wangu," alisema Shangazi.

"Ndiyo," mzee alisema. Akalifunga daftari kwa adabu, akamrudishia kwa mikono miwili, akamgeukia Fundi kumuuliza suruali itakuwa tayari lini.